Baba Mkwe Ndani ya Pipa

Mpaka leo nikiingia kanisani kwetu, upande wa Mraru, siangalii juu. Wenzangu wakifika husimama kidogo wakaisifu orofa mpya na madirisha yake. Mimi natafuta benchi, nakaa, natazama viatu vyangu. Juu pale, nje ya dirisha la pili, ndipo baba mkwe wangu alipobaki akining'inia ndani ya pipa la simiti mchana kweupe, mbele ya wenyeji na wageni, na rimoti ya mashine ilikuwa mkononi mwangu.

Mimi si mtu mpole. Mume wangu hunitania kwamba nilizaliwa nikibishana na mkunga. Kazini nawafokea wanaume wenye ndevu, na wananisikia. Lakini mbele ya baba mkwe nakuwa mtu mwingine kabisa. Sauti inashuka, macho yanashuka, hata shingo inaingia mabegani. Ndivyo nilivyofunzwa na mama yangu, naye alifunzwa na wake: baba mkwe humpiti mbele, humkatizi maneno, hukai mahali pa juu kuliko yeye. Wahenga walisema heshima si utumwa, lakini nadhani waliosema hivyo hawakuwa wameolewa.

Kanisa lilipoanza kujenga orofa, tuliazima winchi ya umeme kwa mjenzi mmoja wa Voi. Ni mashine ndogo: mota, rola la waya wa chuma, na mkono wa chuma uliofungwa pembeni mwa slabu. Waya unashuka mpaka chini, unashika pipa lililokatwa nusu, na humo tunatia mawe, kokoto au simiti iliyokwisha kuchanganywa. Kwa kuwa nimesomea umeme, kamati ilinikabidhi mimi. Mwenyekiti wa kamati alikuwa baba mkwe. Watu walinong'ona kwamba nimependelewa, nami nikafanya kazi kwa bidii ya mtu anayejua ananong'onwa.

Jambo nililowaeleza mafundi mpaka wakachoka ni breki. Breki ya winchi ile si kama ya baiskeli, ambayo unaibana ndipo ishike. Ile hushika yenyewe. Ndani yake mna springi zinazobana wakati wote, na sumaku ya umeme ndiyo inayozivuta ziachie, mota izunguke. Stima ikipotea, sumaku inakufa, springi zinabana, na mzigo unasimama palepale ulipo. Huo ndio uzima wa mashine. Kwa mafundi wetu ulikuwa ugonjwa, kwa sababu huku kwetu stima hupotea bila kuaga, na kila ikipotea pipa linabaki hewani huku simiti ikianza kuganda. Dawa yao, waliyokuja nayo kutoka mijengo mingine, ni kuinua ile leva ndogo ya kuachia breki kwa mkono, kisha kuifunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli ibaki wazi, mzigo ushuke wenyewe. Na kweli unashuka. Niliona pipa la mawe likishuka hivyo, likachimba shimo mahali ambapo fundi mmoja alikuwa ametoka tu kwenda kunywa maji. Nikaikata ile tyubu nikaitupa, na ubavuni mwa pipa nikaandika kwa rangi nyekundu: SI LA WATU.

Herufi zilikuwa kubwa. Hata asiyevaa miwani angezisoma akiwa barabarani.

Jumamosi moja tulipata wageni kutoka Voi mjini, waumini wenzetu waliokuja kutazama ujenzi. Akina mama walikuwa nyuma ya jengo wakiponda kimanga cha mihogo na maharagwe, redio ikiimba kando yao. Baba mkwe alikuja amevaa suruali yake ya ibada na kofia ya kahawia ambayo huivua kwa ajili ya Mungu peke yake. Aliwazungusha wageni, akawaonyesha msingi na nguzo, mpaka wakafika penye ngazi. Wageni wakapanda. Yeye akabaki. Alifanya kazi ya reli mpaka alipostaafu, na magoti yake ni kama yaliachwa huko relini. Alisimama ameshika ngazi, akitazama visigino vya wageni vikipanda jengo lake.

Mimi nilikuwa juu ya slabu, kando ya mashine. Nilikuwa nimejifunga leso juu ya ovaroli, maana mkaza mwana hasimami na suruali mbele ya baba mkwe. Leso inayopepea karibu na rola la waya ni kuita kifo kwa jina. Nilijua, na niliivaa.

Baba mkwe akaiacha ngazi. Akaenda penye pipa, akalitazama, akainua mguu mmoja, kisha wa pili. Akashika waya, akaniinulia uso.

"Mama, nipandishe na mimi nikaone," akasema.

Wageni juu wakapiga makofi. Hata akina mama walitoka nyuma na miko yao kuja kuona. Mimi nilikuwa na neno moja la kusema, tena fupi. Nililisema kwa watu wengine siku nzima bila kupumzika. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni, "Ndiyo, baba."

Nikabonyeza. Pipa likapanda polepole, na mzee akaanza kuwapungia watu mkono kama mheshimiwa aliyekuja kuomba kura. Alipita dirisha la kwanza. Alipofika la pili, redio ikanyamaza, mota ikanyamaza, na breki ikapiga "tak!" Pipa likaruka kidogo na kutulia. Kofia ikaanguka mpaka chini, na baba mkwe wangu akabaki akizunguka taratibu, mara uso ukielekea ukutani, mara ukielekea kwa akina mama.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, ila nilikuwa juu ya slabu na ardhi ilikuwa mbali. Nilichungulia, nikauona utosi wake. Kanisani huivua kofia, lakini mimi hukaa nyuma na macho chini, na sijawahi kuutazama utosi wa baba mkwe nikiwa juu yake. Ulikuwa umeng'aa kwa jasho. Niliona haya kana kwamba nimemkuta bafuni.

Fundi mkuu, bwana mmoja wa kutoka Magharibi mwenye mikono mikubwa, alikuja mbio.

"Dada, inua hiyo leva!" akasema. "Breki imeshika. Tufunge na tyubu, mzee ashuke haraka."

"Usiguse."

"Mzee anaaibika! Huoni?"

Nilikuwa naona kuliko yeye. Alinyoosha mkono kwenye leva, nami nikaupiga ule mkono kwa nguvu, mbele ya wageni. Kisha nikafanya nilivyofundishwa: kitufe chekundu kwanza, halafu swichi kubwa ya ukutani nikaizima, ili stima ikirudi isimkute mtu hewani na kumvuta kwa ghafla. Leso ikawa inanizuia kupiga magoti kwenye mashine. Nikaifungua nikaitupa kando, nikabaki na suruali.

Ilibaki kumshusha kidogo kidogo kwa leva, bila kuifunga, lakini mzee alikuwa amesimama. Mtu aliyesimama ndani ya pipa linaloshuka kwa kushtuka anaweza kupinduka. Ilibidi akae. Na ilibidi mtu amwambie.

"Baba," nikasema, "naomba... kama hutajali..."

"Ati nini?"

"Nasema, kama ungeweza..."

Akainama kunisikiliza, na pipa likainama naye. Akina mama chini wakapiga yowe. Hapo ndipo sauti yangu ya kazini ilipotoka bila ruhusa.

"Baba, keti! Keti chini sasa hivi! Shika waya na usisimame!"

Mwenyekiti wa kamati, mzee wa kanisa, baba wa mume wangu, akakunja magoti yake mabovu na kuketi ndani ya pipa kama mtoto anayeogeshwa. Kilichoonekana ni utosi na vidole tu.

Nikainua leva kidogo, pipa likashuka kidogo, nikaiachia, breki ikabana. Nikangoja litulie. Nikainua tena, nikaachia. Kila nilipoachia ilipiga "tak," na kila "tak" niliuona ule utosi ukitikisika, nami nikasema kimoyomoyo, nisamehe baba. Katikati ya kazi hiyo stima ikarudi, redio ikaanza kuimba pale ilipoachia, lakini mashine haikusonga hata unywele. Fundi mkuu alinitazama, kisha akaenda kushika kamba iliyofungwa pembeni mwa pipa ili pipa lisigonge ukuta.

Alipofika chini walimsaidia kutoka. Pipa lilikuwa na simiti mbichi iliyobaki, na suruali ya ibada ilikuwa na doa la kijivu la duara, palepale ambapo usingependa doa liwe. Akina mama waligeuka wote kwa pamoja, mabega yakitikisika. Na mimi kule juu nilicheka. Ilikuwa kicheko kidogo, cha puani, cha mtu aliyetoka kuogopa. Aliinua uso wakati huohuo na kunikuta nacho.

Alienda zake bila kula. Kofia yake ilibaki kwenye kokoto.

Baada ya hapo hakuja tena kwenye ujenzi. Jumapili nilimsalimia, akaitikia akiutazama mlango. Kijijini na sokoni habari zilinitangulia: yule mkaza mwana aliyemketisha baba mkwe kwa kelele, tena akiwa na suruali, tena akacheka. Hakuna aliyesema kwamba mzee alishuka mzima. Kama wangesema ningeona aibu zaidi, maana aliyempandisha alikuwa nani? Usiku nilikuwa nikijitetea kwa mume wangu, ambaye anafanya kazi Mombasa, mpaka siku moja akaniambia kwenye simu, "Hayo unayoniambia mimi, nenda ukamwambie yeye."

Nikaiosha kofia, nikaianika kivulini isipauke. Nikanunua sukari na unga, nikavaa rinda refu, nikapanda mlima kwenda nyumbani kwao upande wa Wundanyi.

Baba mkwe alikuwa barazani akipukuchua maharagwe. Nilikaa kwenye kigoda, chini yake, mahali pangu. Nikaiweka kofia juu ya meza kwa mikono miwili. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima: naomba radhi kwa kukupigia kelele, naomba radhi kwa kukuamrisha, naomba radhi kwa kicheko. Niliyasema yote nikitazama miguu yake. Zamani, mzee mwenye hasira juu ya mtu wa nyumbani angetasa: angechukua maji mdomoni, akayapuliza chini, akasema moyo wake umesafika. Nilitamani afanye hivyo, tumalize. Lakini yeye ni mzee wa kanisa, na maji hakuyachukua. Aliendelea na maharagwe.

"Ile kelele iliniketisha," akasema hatimaye. "Kwa hiyo sina neno nayo."

Nikachukua maharagwe machache, nikapukuchua naye.

"Unajua nilisoma yale maandishi yako? Nilisimama nikayasoma. Relini tulikuwa na maandishi kama hayo, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwafokea vijana wayafuate." Akapuliza maganda kwenye ungo. "Fundi mkuu alikuwa hapo juu pia. Kwa nini sikumwita yeye anipandishe?"

"Sijui, baba."

"Kwa sababu fundi angenikataza. Nilikuita wewe kwa kuwa nilijua huwezi."

Sikujua niyaweke wapi macho. Nilikuja kubeba aibu yangu, na sasa alikuwa ananionyesha yake, jambo ambalo baba mkwe hamfanyii mke wa mwanawe. Nilisikia masikio yakiwaka. Kumbe siku zote hizo alizoutazama mlango, alikuwa ananikimbia mimi kama mimi nilivyokuwa nikimkimbia yeye.

Akachukua kofia, akaigeuza, akaona imeoshwa. Akaivaa. Kisha akasimama kwa shida, akiegemea nguzo ya baraza.

"Haya," akasema. "Mama, nipandishe na mimi nikaone."

Nilidhani anatania. Nikatabasamu chini. Hakutabasamu.

"Nimekuomba unipandishe."

"Hapana, baba," nikasema.

"Sisikii. Mashine inanguruma."

"Hapana, baba."

"Watu wanapiga makofi, wageni wako juu, mimi ni mwenyekiti, na mguu wangu mmoja uko ndani. Unasemaje?"

Nikainua uso, nikamtazama machoni, kitu ambacho sikuwahi kufanya tangu nilipoolewa, na nikalitoa lile neno kwa sauti yote niliyonayo. Kuku walitawanyika. Baba mkwe aliketi taratibu kwenye kiti chake, akarudi kwenye maharagwe.

Mama mkwe akatoka jikoni na mwiko mkononi, akauliza ni nani huyo anayempigia mzee kelele nyumbani kwake. Nikamwambia ni mimi. Aibu ilinishika palepale, mpaka shingoni, lakini neno sikulirudisha.