Nusu ya Chini ya Hekalu

Baba alikuwa anapofuka, na hiyo ndiyo iliyonitoa chumbani kwenda Shiling, mji wa viwanda vya mikoba huko China. Ni mwalimu mstaafu wa jiografia pale Korogwe, na ukutani sebuleni kwetu, tangu sijajua kusoma, ilining'inia picha aliyoikata kwenye kalenda: hekalu la Wamaya katikati ya msitu wa Gwatemala, ngazi za mawe zikipanda mpaka juu ya vilele vya miti. Wenzangu kwao walikuwa na picha za marais na wacheza mpira. Sisi tulikuwa na Wamaya. Kila nilipofaulu mtihani, baba aliigusa ile picha kwa fimbo ya ubaoni akaniambia siku moja tutazipanda ngazi zile pamoja, na mimi sikuwahi kudhani anatania.

Sasa nilikuwa Guangzhou, namalizia shahada ya pili ya ujenzi kwa ufadhili. Daktari alishasema ni presha ya macho, na kwamba mwanga uliobaki ni wa mwaka mmoja, labda. Nikapanga: mwezi wa sita namaliza, napita nyumbani kumchukua, mwezi wa saba tuko msituni. Nilitaka ayaone yale mawe angali anaona, basi. Baba akanitumia ile picha kwa mwanafunzi aliyekuwa anarudi chuoni, pamoja na barua fupi yenye mwandiko wa dada yangu Zainabu. Eti mkono wa baba umechoka. Nikaona ni uvivu wa uzeeni.

Kilichobaki ni mabegi mawili ya mgongoni yasiyopitisha maji, na nilikuwa nimejitia wazimu kwamba lazima yawe na kijani kilekile cha msitu wa kwenye picha. Nilizunguka soko la vitambaa la Zhongda siku nzima, nikiishikilia picha mbele ya kila jora. Kila muuzaji alitazama, akatikisa kichwa na kuniambia meiyou, hamna. Nikarudi miguu ikiwaka moto.

Aliyeniokoa ni Mama Odile, mfanyabiashara wa Bukavu anayenunua mikoba ya kike kwa jumla. Tulijuana kwenye mgahawa mmoja, nilipomsaidia kuagiza chakula asichokijua jina, na tangu hapo nikawa mkalimani wake. Yeye ana Kifaransa, Kiswahili cha kwao na mikono miwili inayosema kuliko mdomo. Mimi nina Kichina cha darasani. Alisema kiwanda hakishoni mabegi mawili peke yake, ila atayapachika kwenye oda yake, na kijani chochote nitakachotaka watakitafuta wao.

Saa mbili asubuhi, barabara ya Huanshi Zhonglu. Tulikutana mbele ya jengo la maduka, yeye amevaa kitenge na raba, mimi picha nimeiweka ndani ya daftari, daftari ndani ya mfuko, mfuko kifuani. Mvua ya rasharasha ilikuwa imeanza. Mama Odile alinitania kwamba nimeikumbatia karatasi kama bibi harusi anavyoikumbatia zawadi yake, kisha akanisukuma ndani ya basi la kwenda Huadu, wilaya iliyo na Shiling.

Njiani. Miaka ile jiji lilikuwa linajengwa lote kwa mpigo mmoja. Maghorofa yalikuwa yamefungwa mianzi na nyavu za kijani kutoka chini hadi juu, na mvua ilipoifuta miguu yake, yalibaki yanaelea. Nikayatazama kupitia kioo chenye ukungu mpaka nikaacha kuona nyavu. Niliona majani. Niliona mawe yaliyomezwa na msitu, na watu wadogo wenye kofia za manjano wakiyapanda bila haraka. Mizizi ya miti ya barabarani ilining'inia kwenye kingo za madaraja, na mimi, mhandisi mtarajiwa niliyefundishwa kupima kila kitu, sikupima chochote. Nilimwona baba ameketi kando yangu, ananiuliza huu ni mji uliokufa au unaozaliwa. Mama Odile alikuwa anakoroma.

Saa nne na nusu, Shiling. Mji mzima unanuka gundi na ngozi. Karakana tuliyokwenda ilikuwa ghorofa ya pili, na mwenyewe alikuwa mwanamke mfupi wa makamo ambaye wote walimwita laoban, yaani bosi. Alitumiminia chai kwenye vikombe vidogo kama vya kuchezea. Mama Odile alimaliza habari ya mikoba yake, nami nikatafsiri. Kisha ikafika zamu yangu. Nikaitoa picha, nikampa kwa mikono miwili kama nilivyolelewa, nikamwambia nataka kijani cha namna hii.

Laoban aliipeleka dirishani, akaitazama kwa makini, akaridhika. Akachukua mkasi. Kabla sijakiweka kikombe chini, alikuwa ameikata picha katikati kwa mlalo, juu kwake, chini kwangu. Nusu ya juu, yenye kilele cha hekalu, vilele vya miti na mbingu, akaibana kwa stepla kwenye karatasi ya oda. Nusu ya chini, yenye ngazi, akanirudishia kwa mikono miwili.

Nilikaa tu na kile kipande mapajani, na machozi yakanitoka mbele ya wageni. Mama Odile alinitazama, akatazama karatasi, ndipo akaelewa.

"Mutoto yangu, hapa banakatakaka byote," alisema polepole. "Nusu inabakia kwao, nusu unaenda nayo. Siku ya kuchukua ma-sacs, munalinganisha. Njo contrat yao. Miye nilisahau kukuambia, pardon."

Alikuwa ameniambia kila kitu kingine: nisikubali bei ya kwanza, nisile kabla ya kuuliza nyama gani. Hili la kwamba nusu mbili ndizo mkataba hakuliwaza, kwa kuwa kwake ni jambo la kila siku, na mfanyabiashara yeyote wa Xiaobei, mtaa wa Waafrika pale Guangzhou, anajua kwamba kiwandani hupeleki kitu usichotaka kikatwe. Mimi nilikuwa mwanafunzi. Nilimweleza laoban picha ile ni ya nani. Akaitoa kwenye stepla, akaitia ndani ya mfuko wa plastiki na kuibana upya, safari hii kwenye plastiki. Lakini kunirudishia hakunirudishia, maana bila hiyo anayetia vitambaa rangi hatajua afanye nini. Ningeweza kuivunja oda. Nikaiacha picha.

Njia ya kurudi mvua ilikolea. Maghorofa yalikuwa maghorofa tu, na nyavu zilikuwa nyavu. Nilikuwa natunga maneno ya kumwambia baba, nayafuta, natunga mengine. Nilijichukia kwa ajili ya rangi ya begi.

Saa kumi na mbili jioni nilikuwa kwenye kibanda cha simu. Nyumbani ni saa saba mchana. Zainabu alipokea, akampa baba. Nikamwamkia, akaitikia, nikamwambia yote kwa pumzi moja kabla sijaogopa. Upande wa pili jogoo aliwika kwa mbali.

"Umebaki na upande gani?" akauliza.

"Wa ngazi, baba."

"Basi umebaki na upande wangu."

Sikuelewa. Ndipo akaniambia. Ile picha hakuwa akiiona tangu kabla ya Ramadhani. Alikuwa anausogelea ukuta, anaugusa, anaona weupe mtupu. Alimzuia Zainabu asiniambie, akijua nitaacha masomo au nitaacha safari, na hakutaka kimojawapo. Aliituma picha kwa sababu ukutani pale ilikuwa haina tena mtu wa kuitazama.

Nililia tena, mara ya pili siku moja. Nilimwambia nimechelewa, kwamba mpango wote ulikuwa kwa ajili ya macho yake.

"Mwanaidi," alisema, kwa sauti ileile ya darasani. "Ngazi zinapandwa kwa miguu, na miguu ninayo. Nitazihesabu moja moja. Tukifika juu, utaniambia kuna nini."

Wiki tatu baadaye nilirudi Shiling na Mama Odile. Mabegi yalikuwa mezani, na kijani kilikuwa chenyewe. Laoban alitoa nusu yake, akaomba yangu, akazilaza pamoja juu ya begi kama desturi inavyotaka. Zilikutana sawasawa. Kisha akafungua droo na kutoa gundi, akanitazama, tayari kuziunga bila malipo.

Nikamwambia aache. Nilikuwa nimejifunza kwamba safari ya watu wawili si lazima iwe ya kitu kimoja. Nusu ya juu nikaitia kwenye begi langu. Ya chini, yenye ngazi, nikaitia kwenye begi la baba, mfuko wa mbele, mahali ambapo mkono unafika bila kutafuta.