Gemu ya Baba Mkwe

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kusema hivyo. Ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kitengela, na nusu ya kazi yangu ni kuzitazama nyuso za watoto wanaoapa kwamba ng'ombe wa jirani alikula kazi ya nyumbani. Kwa hiyo baba mkwe alipoanza kutoka kila alasiri baada ya chai, shuka begani, rungu mkononi, uso umechangamka kama wa bwana harusi, sikuamini hata siku moja kwamba anakwenda kunyoosha miguu.

Tulikuwa tunaishi naye mwaka wa pili. Ule ukame mkubwa ulipomaliza mifugo yake yote, na mama mkwe alikuwa ameshafariki, mume wangu alikwenda akamleta kwetu mjini. Mzee wa Kimaasai aliyezoea kuamka na kuona ng'ombe sasa aliamka na kuona ukuta wa ploti na kamba za nguo. Hakulalamika. Alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na geti, akahesabiwa na majirani kama sehemu ya geti lenyewe.

Kilichokuwa kimebaki mkononi mwake ni shamba moja tu, kupita Isinya ukielekea Kajiado. Mengine aliyauza zamani, kidogo kidogo, kila mara kwa mtu aliyemwita baba na kumnunulia nyama. Hili la mwisho ndilo tulilopanga kujenga, na ndilo watoto wetu wangeita nyumbani. Mume wangu alikuwa amepaka rangi jiwe kubwa kwenye kona yake: HALIUZWI. Lakini jiwe halizuii sahihi, na mwenye kutia sahihi alikuwa mzee.

Ndiyo maana nilishuku. Kitengela imejaa mabroka wa mashamba kuliko inavyojaa vumbi la machimbo ya mawe, na mzee wa Kimaasai anayetembea peke yake alasiri, akiwa na furaha isiyojulikana imetoka wapi, huyo tayari amenaswa na mtu.

Ungefikiri ningemuuliza. Mimi ni wa Magharibi mwa Kenya, na kwetu mwanamke haanzi kumhoji baba mkwe alikokuwa. Hata benchi moja hatukai. Nilimpa chai nikiwa nimeinamisha kichwa, akanibariki, akatoka, nami nikabaki na maswali yangu jikoni. Mambo madogo madogo yakaanza kuniuma. Plasta nyeupe niliyoweka kwenye sanduku la dawa ikawa inapungua, na hakuna mtu aliyekuwa na kidonda. Siku moja nilimsikia akicheka peke yake bafuni.

Shule zilipofungwa Agosti, nilipata nafasi. Nilimwacha atangulie, nikajifunga leso, nikamfuata kwa mbali kama ninaenda kununua sukuma wiki. Alipita soko, akapita duka la vyuma, akaingia kwenye kibanda cha mabati chenye pazia la bluu mlangoni. Juu kuliandikwa kwa rangi nyekundu: GEMU.

Niseme kwamba gemu nilikuwa ninazijua kwa ubaya tu. Wanafunzi wangu walikuwa wanacheza ile ya kurushwa kwa parachuti kisiwani na kuwindana hadi abaki mmoja, na Jumatatu nzima darasani walikuwa wanahadithiana nani alimpiga nani. Mume wangu mwenyewe, mtu mzima mwenye kazi Nairobi, alikuwa anapanga peremende za rangi kwenye simu mpaka chakula kinapoa. Jirani wa chini alikuwa na ile ya kamari, ya ndege inayopaa na hela za watu, na mke wake alikuwa amesharudi kwao. Nilipoona mzee ameingia pale, nilifikiria ndege moja kwa moja. Nikajiambia, amelipandisha shamba letu kwenye ndege.

Nilisogeza pazia kidogo. Ndani kulikuwa na runinga nne na watoto kibao wamebanana wakicheza mpira wakitukanana. Mwenye kibanda alikuwa dada mmoja mwenye rasta, na alikuwa mkali. Mzee alipoingia, kelele ilipungua. Wale watoto walikuja mmoja mmoja, Wakikuyu, Wakamba, Wajaluo, wakainamisha vichwa, naye akawagusa utosini kama anavyofanya na wajukuu wake. Kisha akakaa mbele ya runinga ya mwisho, akapewa pad ya kuchezea.

Kwenye runinga kukatokea ng'ombe.

Sikuamini. Ilikuwa gemu ya ukulima: nyasi kijani, trekta, zizi, na ng'ombe wanaotembea na kula. Mzee alikuwa anabonyeza kwa vidole viwili vigumu, ulimi nje kidogo, anawapeleka kunywa maji. Aliwaita kwa majina ya Kimaa, mmoja kwa rangi yake, mwingine kwa jinsi pembe zake zilivyojikunja. Na kwenye kona ya juu ya kioo, plasta yangu. Kipande kimebandikwa hapo, cheupe, nyuma yake hakionekani kitu.

Jioni nilimweleza mume wangu. Alicheka mpaka akakohoa.

"Hapo kwa kona ndio gemu inaandika idadi ya ng'ombe," alisema. "Wewe unajua mzee. Ng'ombe hawahesabiwi. Unawajua kwa macho, ukiona mmoja hayuko unajua ni nani. Ukimnyooshea ng'ombe ya mtu kidole, moja, mbili, tatu, umeziitia kifo."

"Hizo si ng'ombe. Ni picha."

"Mwambie yeye basi."

Sikumwambia. Ningekuwa mtu wa kawaida ningefurahi kwamba mzee amepata cha kumfurahisha, nikarudi kwenye nguo zangu za kufua. Lakini nilijiuliza: ni nani aliyempeleka pale mara ya kwanza? Mzee asiyejua kufungua simu hawezi kuota tu kwamba ndani ya kibanda cha mabati kuna ng'ombe.

Nikarudi. Safari hii nilizunguka upande wa nyuma, penye dirisha dogo la waya, na hapo nikaviona viatu. Vyeusi, vimechongoka, vinang'aa. Kitengela, Agosti, mtu akiwa na viatu vinavyong'aa hivyo, ama ana gari ama ana hila. Huyu alikuwa amekaa karibu na mzee, goti kwa goti, mwanamume wa makamo mwenye sauti ya asali.

"Umeona, Baba?" alikuwa anasema. "Tumeuza hiyo kipande ya juu, tumenunua hawa wawili wa maziwa, na hakuna mtu amekufa. Si ni raha?"

"Ni wazuri," mzee alisema.

"Hata ile ya Isinya ni hivyo tu. Uko na shamba haina kitu. Jiwe na miiba. Ukiuza, unanunua ng'ombe wa kweli, unawaweka kwa rafiki yangu huko Rombo, unaenda kuwaona ukitaka. Kesho asubuhi nakuchukua na gari, tunaenda kwa wakili Kajiado, saini moja. Kijana yako ataona ng'ombe, atafurahi."

Mzee alikuwa anamtazama ng'ombe mmoja mweusi mwenye baka jeupe kwenye paji. Mwishowe alisema, polepole, "Kesho ni sawa."

Nilimpigia mume wangu palepale nyuma ya kibanda. Alikuwa Nairobi, kwenye mkutano, akanong'ona kwamba atazungumza na baba yake Jumapili. Jumapili! Nilikata simu. Nilikuwa na hasira na wote: na mume wangu, na yule wa viatu, na mzee pia, ndiyo, kwa sababu ya kuwa na njaa ya ng'ombe kiasi cha kudanganywa na picha.

Ningefanyaje? Kuingia na kupiga kelele kulikuwa rahisi, na kungeharibu kila kitu. Mzee angeona mke wa mtoto wake anamwamuru mbele ya mgeni, na hapo angekwenda Kajiado hata kwa miguu, ili ijulikane shamba ni la nani. Nilisimama pale nikitazama kioo kupitia waya. Ng'ombe walikuwa wanakula. Plasta ilikuwa kwenye kona. Nikaelewa la kufanya, na kabla woga haujanishika nikazunguka nikaingia.

"Takwenya," mzee alinisalimu, ameshtuka kidogo.

"Iko," nilijibu, nimeinamisha kichwa. Sikukaa kwenye benchi lao. Nilivuta kreti la soda, nikakaa pembeni, nikatabasamu kama mgeni wa harusi. "Nilisikia Baba ako na ng'ombe huku. Nikasema nije nione."

Yule wa viatu alifurahi kupita kiasi. "Karibu, mama! Wewe ni wa nyumbani? Ona basi, mzee ni tajiri!"

"Ni wengi," nilisema. Nilifanya macho yangu kuwa makubwa, kama ya mtoto wa darasa la kwanza. "Kwani wako ngapi?"

Mzee aligeuza kichwa. Mtu wa viatu hakumwona. Alikuwa ananitazama mimi, anataka kunipendeza, kwa sababu mwanamke wa nyumba akipenda jambo mzee hatasumbuliwa. Akainuka, akanyoosha kidole mpaka kikagusa kioo.

"Tuone. Moja. Mbili. Tatu. Huyu hapa nne. Tano..."

Ng'ombe walikuwa wanatembea, akapoteza, akaanza upya kwa sauti kubwa zaidi. Watoto wa upande wa pili waliacha mpira wao kumtazama. Dada mwenye kibanda, aliyekuwa ameshaonywa na mzee siku nyingi kwamba ng'ombe hawahesabiwi, aliweka mkono mdomoni.

"Ngoja, si imeandikwa?" yule mtu alisema, akacheka, akaibandua ile plasta. Akasoma namba yote.

Mzee aliweka pad chini.

"Umehesabu ng'ombe yangu," alisema.

"Ndio, Baba. Uko na..."

"Nyamaza."

Hakupaza sauti. Alichukua rungu lake, akasimama wima kuliko nilivyowahi kumwona tangu aje mjini. "Kesho usikuje na gari," alisema. "Wala kesho kutwa. Mtu anaweza kuhesabu ng'ombe ya mwingine mbele ya mwenyewe, huyo anaweza kuhesabu watoto wangu. Siendi Kajiado na wewe. Hiyo shamba sahau."

Yule wa viatu alinitazama, akamtazama dada wa rasta, akajaribu kucheka. "Lakini mzee, hii ni gemu!"

Alijifuta kidole kwenye suruali bila kujua, akatoka. Nilisikia gari likiwashwa nje. Moyo wangu ulikuwa unapiga kwa furaha, na sioni sababu ya kuficha hilo. Nilitaka kuruka. Shamba lilikuwa limebaki letu, na mimi ndiye niliyeliokoa, kwa swali moja, nimekaa kwenye kreti la soda.

Kisha mzee akamwambia dada wa kibanda, "Futa."

"Nifute nini, guka?" aliuliza, akimwita babu kwa Kikikuyu.

"Hawa."

"Wote? Guka, umecheza tangu mwezi wa nne. Hii ukifuta hairudi."

"Wameshahesabiwa. Wanakufa polepole au wanakufa sasa. Futa."

Nilitaka kusema kitu. Nilitaka kusema ni picha, ni umeme tu, plasta nyingine ipo nyumbani. Dada alinitazama kama anaomba ruhusa, nami nikatazama chini. Alibonyeza. Kioo kikauliza kama ana hakika, akabonyeza tena, na yule mweusi mwenye baka kwenye paji akatoweka pamoja na nyasi na zizi. Yakabaki maandishi tu kwenye rangi ya bluu. Mmoja wa watoto wa mpira alianza kulia, mkubwa tu, karibu kidato cha kwanza.

Tulirudi nyumbani, yeye mbele, mimi nyuma, kama inavyotakiwa. Ng'ombe wa mtu walikuwa wanavuka barabara ya Namanga, malori yamesimama yakipiga honi, naye akageuza uso upande mwingine mpaka wakapita. Sijawahi kumwona akifanya hivyo, wala sitaki kuona tena.

Karibu na geti alisimama.

"Mwalimu," alisema. Hakugeuka. "Wewe ulikuwa unajua."

Ningeweza kudanganya. Watoto hunidanganya kila siku, najua inavyofanywa. "Nilikuwa najua, Baba. Alikuwa anataka kuchukua shamba."

"Najua alikuwa anataka. Mimi si mtoto. Nilikuwa nimekubali."

"Watoto wangekosa pa kwenda, Baba."

"Ndio. Umefanya vizuri." Akasema kama mtu anayelipa kitu alichonunua kwa bei kubwa. Akafungua geti, akashika kile kiti chake cha plastiki, lakini hakukaa. "Hiyo shamba ni yenu. Yako, ya bwana yako, ya watoto. Mjenge. Hao ng'ombe ndio walikuwa wangu."

Akaingia chumbani kwake, akafunga mlango. Nikisukumwa tena mahali pale, na shamba likiwa mkononi mwa mtu kama yule, ningeuliza swali lilelile, kwa macho yaleyale makubwa. Lakini nilikaa jikoni mpaka mume wangu akarudi, na aliponiuliza kwa nini ninalia na shamba liko salama, nilimwonyesha tu ule mlango uliofungwa.