Asubuhi Nne Bila Spana

Shaame Nyange alishika usukani miaka thelathini na mmoja bila kuendesha gari mpya hata siku moja. Zake zilikuwa mikweche. Gari zilizozeekea Japani, zikaja zikazeeka tena Dubai, kisha zikaletwa Pemba zije zimfie yeye mikononi. Wala hazikumfia, maana mtu huyu alikuwa na mambo yake. Akitoka msikitini alfajiri hapiti kwake kunywa chai. Huenda kwenye gari, akafungua boneti akatazama maji, akachomoa kijiti cha oili akakipangusa, akalala chini kwenye vumbi kutazama kama breki zimevuja. Kisha hutoa spana ya magurudumu akaizunguka gari yote, nati moja baada ya moja, anaikanyagia spana kwa mguu mpaka chuma kilie. Mtaa mzima wa Mtambile uliijua sauti ile, na wapo walioamkia hiyo kuliko saa ya ukutani.

Aliyekuwa hamwachi kwa utani ni Bi Tatu, mke wa jirani yake Mbarouk. Nyumba zao zimepakana, na Shaame na Mbarouk ni marafiki tangu chuoni kwa Kurani, tangu wakilia kwa bakora ya mwalimu mmoja. Bi Tatu akisikia chuma kinalia husema kutoka uani kwake, "Shemeji, si uzioe hizo nati tukajua moja? Khairiya tutamtafutia mume mwengine." Na Khairiya, mke wa Shaame, humjibu kutoka jikoni, "Tafuta leo leo, shoga, mie nshachoka." Shaame hacheki wala hanuni. Akimaliza gurudumu moja, anakwenda la pili.

Sasa msimu huu karafuu ziliitika, zikazaa sana, na tajiri yake Shaame, bwana mmoja mnunuzi wa karafuu jina lake Ridha, akaagiza pikapu kwa kampuni ya kuuza magari mjini Unguja. Mpya kweli, si mpya ya kusema. Ilipakiwa kwenye meli ya mizigo ikaletwa Wesha, na Shaame akatumwa kuipokea. Alinyoa, akavaa kanzu iliyopigwa pasi, na kwenye mfuko wa kikapu akatia spana yake. Khairiya alimwuliza kama anakwenda kuoa. Akasema ndiyo.

Pale bandarini alimkuta bwana wa kampuni, shati jeupe, kalamu mbili kifuani. Gari ilikuwa inang'ara, viti bado vimo ndani ya nailoni, magurudumu yamevishwa vifuniko vya plastiki vya rangi ya fedha. Bwana yule akampa karatasi ya ukaguzi yenye visanduku hamsini na viwili, na kila kisanduku kimetiwa tiki. Breki, tiki. Taa, tiki. Nati za magurudumu, tiki. Tiki zote za wino mmoja na zote zimelalia upande mmoja, kazi ya mtu aliyezimaliza kwa pumzi moja hajanyanyuka kitini. Mie ningeziona ningeuliza. Lakini ni rahisi kusema hivyo leo, na wakati ule hata Shaame aliziona akasema moyoni, hawa watu wana utaratibu.

Hata hivyo mkono una mazoea yake. Alikwisha kuchuchumaa kwenye gurudumu la nyuma la kushoto, spana mkononi, anatafuta pa kukibandua kile kifuniko, bwana yule akaangua kicheko.

"Mzee, unafanya nini? Hii si mkweche. Imekaguliwa na mafundi wenye vyeti. Ukiipapasa na chuma chako hicho, waranti imekufa hapo hapo, na tajiri wako atakudai wewe."

Wapagazi wakacheka, na wauza samaki nao wakacheka. Mtu mzima wa miaka hamsini na tisa, kachuchumaa na kanzu nyeupe mbele za watu, anaambiwa anaipapasa gari. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Akarudisha spana kikapuni, akapewa kalamu, akatia saini pale palipoandikwa kwamba yeye ameikagua gari na ameipokea ikiwa salama.

Asubuhi ya kwanza alitoka msikitini akaenda kwenye gari kama kawaida. Akaweka mkono juu ya tairi. Akakumbuka waranti, akakumbuka na vicheko vya Wesha. Akachukua kitambaa akapangusa umande kwenye kioo, akaenda zake kunywa chai, na Khairiya akastaajabu kumwona ndani saa ile. Asubuhi ya pili ikawa vile vile, na ya tatu. Kusema kweli, mzee alipumzika. Miaka thelathini na mmoja hajapata kuambiwa na mtu, wewe kaa, wenzako wamekwisha kufanya. Nani asingekaa?

Siku ile ya tatu, akitokea Ole na magunia, alisikia kitu kinagonga nyuma upande wa kushoto. Kidogo kidogo, hasa akipinda kona. Akasimama, akatazama nyuma, akaona jeki imelala vibaya, akaibana kwa gunia. Ilipogonga tena alijiambia ni ile jeki. Ingekuwa moja katika mikweche yake, angeinyanyua palepale akalivua gurudumu hata kama mvua ingemnyeshea. Lakini hii mpya aliionea haya kuishuku. Ndivyo alivyomwambia Khairiya baadaye, na neno hilo la haya alilirudia mara nyingi.

Siku ya nne alirudi Mtambile baada ya sala ya alasiri. Ni wakati ambao wanawake wako kando ya barabara wanazikusanya karafuu kwenye majamvi kabla umande haujaanguka. Hakuwa akienda mbio, na hilo hata polisi walilipima wakaliona. Gari ikainama nyuma kushoto, chuma kikalia kwenye lami, na Shaame akiwa anapigana na usukani akaona tairi linampita ubavuni. Tairi zima na rimu yake, limesimama wima, linakwenda. Akajiuliza, tairi la nani lile?

Bi Tatu alikuwa ameinama, ameipa barabara mgongo. Hakuliona. Shaame aliliona lote, tangu lilipoiacha lami mpaka lilipofika. Alipomfikia alikuwa amekwisha kufa, na uso wake umo ndani ya karafuu.

Walimzika kesho yake asubuhi. Shaame hakuzika, maana alikuwa kituo cha polisi, na wala hakutaka kutolewa. Baada ya maziko, na udongo bado uko kwenye kanzu yake, Mbarouk aliingia kituoni. Aliomba msahafu. Akala yamini mbele ya polisi, akasema, "Huyu bwana hukaza nati zake kila siku anayoileta Mungu. Na asubuhi ya jana alizikaza, nilimsikia kwa masikio yangu haya. Mke wangu kaondoka kwa kadari, na mie sina daawa naye."

Shaame alikuwa kwenye benchi hatua tatu kutoka pale. Alifungua mdomo. Hakuzikaza. Asubuhi ile alikuwa jikoni anakunywa chai na kula muhogo. Alitaka kusema, nami namwamini kwamba alitaka, lakini alimtazama rafiki yake na ule udongo magotini, na ulimi ukamganda. Polisi akaandika. Mbarouk akamshika mkono, wakarudi nyumbani pamoja.

Tangu hapo kila jioni walikaa kwenye baraza ya Mbarouk. Mbarouk humwaga kahawa, husema habari za Bi Tatu, vile alivyokuwa akiwacheka. Shaame huitikia. Alikonda mpaka kanzu ikamwelea. Usiku Khairiya humwambia, "Bwana, mtu mwenyewe kakusamehe, wewe wataka nini tena?" Hugeukia ukuta. Aliyesamehewa ni mtu mwengine, yule anayekaza nati.

Mkaguzi wa magari alikuja akayafungua magurudumu matatu yaliyobaki, akavua vile vifuniko. Nati alizizungusha kwa vidole. Kwa vidole viwili, mbele ya watu. Akasema hizi hazijakutana na spana tangu zitiwe. Zilifungwa kwa mkono zikaachwa, na aliyetia tiki kwenye karatasi hakuzigusa. Ridha aliandika barua kali Unguja. Hakutaka kitu ila waandike kwamba kosa ni lao, gari waliitoa bila kuikagua na mtu kafa. Mtambile nzima ikalisubiri jibu, na Shaame akalisubiri kuliko wote. Alijidanganya kwamba kampuni ikikiri, yeye hatalazimika kusema neno.

Barua ilikuja. Kampuni imehuzunika sana. Hata hivyo, kwa ushahidi wa kiapo wa jirani, dereva alizikaza nati mwenyewe kwa spana yake asubuhi ya ajali, na asubuhi zote kabla yake. Kwa hiyo mkono wa mwisho kwenye nati zile ni wa dereva, si wa kampuni, na ikiwa zimekutwa zimelegea, aulizwe yeye alizifanya nini. Kiapo cha Mbarouk, kilichomtoa Shaame kituoni, kiliwatoa na wao.

Ridha alimsomea barua hiyo dukani, akaikunja. "Mzee Shaame, nambie kweli. Ulizikaza, hukuzikaza?"

"Sikuzikaza."

"Siku zote nne?"

"Zote."

Ridha aliitia barua kwenye droo. Kisha akasema, "Basi mkaguzi kasema kweli, na nati zile walizifunga wao. Ukiyasema hayo polisi, kampuni haina pa kukimbilia. Lakini mwanzo kamwambie Mbarouk, maana yeye kala yamini."

Shaame alikwenda moja kwa moja. Alimkuta Mbarouk peke yake barazani, anachambua karafuu, anatoa makonyo, vile vijiti vyake, kazi aliyokuwa akiifanya marehemu. Hakukaa. Alisema akiwa amesimama, kwa haraka, asije akarudi nyuma: kwamba asubuhi ile hakukaza nati, wala ya kabla yake, kwamba alichekwa na watu Wesha akaona haya, kwamba gari iligonga akaisikia akasingizia jeki, na kwamba siku ile kituoni alimsikia akiapa na akanyamaza.

Mbarouk aliendelea kuchambua. "Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Nilijua tangu siku ya kwanza. Nimeisikiliza spana yako miaka thelathini, ikikosa sitajua? Tatu mwenyewe aliniuliza, shemeji anaumwa? Nikamwambia ana gari mpya, kapata raha, mwache."

Shaame alishika nguzo ya baraza. "Na ukashika msahafu?"

"Nilishika. Nilikuwa nimetoka kumtia mke wangu kaburini, na nilikuwa sina mwengine ila wewe. Nikaona nikusamehe mie mwenyewe, kimya kimya, hata usijue kuna cha kusamehewa. Nikaweza, yakhe. Kila jioni nilikuwa nakutazama hapa na naweza." Sauti yake haikupanda. "Sasa umenisimamia mbele unanambia kwamba uliisikia ile gari ikigonga. Hilo sikuwa nalijua. Hilo la kugonga sikuwa nalo."

Shaame alisema amsamehe kwa jina la Mungu.

"Twende polisi," alisema Mbarouk, akainuka. "Nami nikaseme kwamba niliapa uongo. Kisha usije tena hapa."

Walikwenda, na maneno yakaandikwa upya. Shaame aliyasema yote, pamoja na jeki. Mbarouk alisema yake, na polisi aliyemjua tangu utotoni alimtazama akainamisha kichwa. Ridha akazipeleka karatasi hizo Unguja.

Jibu halikuchukua wiki mbili. Safari hii kampuni haikuandika hata kwamba imehuzunika. Dereva amekiri kwamba hakuikagua gari, ilhali alitia saini kwamba ameikagua. Amekiri kwamba alisikia hitilafu akaendelea kuendesha. Shahidi amekiri kwamba alisema uongo kwa msahafu, na kwa hiyo maneno yake ya mwanzo na ya mwisho hayana uzito. Kampuni haina jambo la kujibu, na inalihesabu suala hili kuwa limekwisha. Yule aliyetia tiki hamsini na mbili hakutajwa popote.

Ridha aliwaita wote wawili dukani akawasomea. Mbarouk aliomba aishike barua, akaisoma mwenyewe taratibu, akairudisha, akatoka bila kumtazama Shaame.

Shaame alirudi kwake. Khairiya alikuwa mlangoni anamngoja.

"Wamesema nini?"

"Wamesema ni mie."

"Kampuni?"

"Kampuni. Na Mbarouk."

Khairiya alimvuta ndani, akamkalisha, akasema kwa hasira kwamba nati zile hakuzifunga yeye, kila mtu ameona, mkaguzi kazizungusha kwa vidole. "Na wewe mwenyewe wasemaje?" akamwuliza. "Maana wewe ndiye unayeijua kweli."

"Nasema walipozifunga vile walikuwa na siku moja ya kuziona," alijibu Shaame. "Mie nilikuwa nazo nne."