Baba, Kibiriti cha Trekta

Vijana ninaofanya nao kazi Dar es Salaam wana ugonjwa mmoja. Tunaandika programu za kompyuta, kisha tunaandika programu nyingine za kuzijaribu zile za kwanza, na majaribio hayo kompyuta huyaendesha yenyewe huku sisi tukinywa chai. Juzi yaligoma. Yakipangwa hivi, yote yanafaulu. Yakipangwa vingine, baadhi yanaanguka. Vijana walikuna vichwa mpaka wakagundua kwamba jaribio la kwanza lilikuwa likiacha milango wazi, na yaliyofuata yalikuwa yakipita humo bure bila kubisha hodi. Dawa waliyoipata ni kufunga mpangilio: la kwanza liwe la kwanza siku zote, la mwisho liwe la mwisho, basi. Wakapongezana. Mimi, mzee wa ofisi, nikawaambia mpangilio wa namna hiyo naujua tangu kijiji cha ujamaa, na ndio uliomfelisha baba yangu. Wakatazamana kama watu waliokumbuka kwamba nakaribia kustaafu.

Kijiji chetu kilikuwa bara kidogo kutoka Mingoyo. Tulihamishiwa huko, mikorosho yetu tukaiacha ilikokuwa, kwa kuwa mkorosho hauna miguu. Tuliahidiwa maji, zahanati na trekta. Kilichofika ni trekta, tena kuukuu, kutoka shamba la mkonge ambako baba alikuwa mkata mkonge kabla ya kuhama. Alilijua vizuri mno. Kwa miaka alikuwa akipakia mkonge kwenye tela lake na kutembea nyuma yake akila vumbi. Siku moja aligusa usukani tu, kuona ulivyo, nyapara akamtukana mbele ya watu mpaka akamtaja bibi yangu.

Sasa trekta lilikuwa letu sote, hivyo ndivyo tulivyoambiwa mkutanoni, na baba alitaka jambo moja tu hapa duniani: kukaa kwenye kile kiti na kuliendesha. Mama alisema yeye angetaka doti ya khanga, lakini hilo halikuwamo katika ajenda.

Waliojitokeza kujifunza udereva walikuwa watatu. Baba alikuwa mkubwa kwa umri, akafuata fundi seremala wa makamo, na wa mwisho alikuwa kijana mmoja mwenye nywele za kuchana kuelekea nyuma. Mwalimu wao, dereva mstaafu wa lile shamba la mkonge, alikuja kila alfajiri. Na kwa kuwa sisi ni watu wenye adabu, kila alfajiri aliyetangulia ni mkubwa. Nani angempita mzee akapande kabla yake? Baba alikaribishwa kwa heshima zote, akapanda juu ya chuma kilicholala nje usiku kucha na baridi yake.

Trekta lile likiwa baridi lilikuwa na kiburi cha mke mkubwa. Baba alisukuma dizeli kwa pampu ya mkono, akabonyeza swichi ya kupasha moto, akasubiri, akapiga stata. Likakohoa. Akaanza upya. Likatema moshi mweusi, likanyamaza. Mpaka lingurume, zamu yake imekwisha, anashuka na jasho. Seremala anapanda, anakuta injini inaunguruma, anajifunza klachi na gia. Kijana anapanda wa mwisho, kila kitu kimelainika, anajifunza kona, kurudi nyuma na kupungia wasichana mkono. Msimu mzima ulikwenda hivyo. Hakuna aliyeona kasoro, maana kila siku trekta liliwaka, kila siku lilitembea, kila siku lilirudi. Ukiwaunganisha wote watatu ulipata dereva mmoja mzuri sana.

Siku ya mtihani alikuja mtahini kutoka Lindi mjini, bwana wa kaunda suti, akawasha sigara na kusema kila mtu ana muda wa sigara moja. Aite nani kwanza? Mwenyekiti wa kijiji akashangaa swali lenyewe. Mkubwa, bila shaka.

Baba alipambana. Trekta liliitika sawasawa na mtahini alipokuwa akikanyaga kipande cha sigara. "Umefeli, mzee," akasema, "shuka." Seremala alikwenda mbele vizuri, akashindwa kurudi nyuma. Kijana akazunguka mkorosho, akarudi kinyumenyume, akaegesha, akachana nywele. Akapewa leseni.

Asubuhi iliyofuata tuliamshwa na hodi ya yule kijana.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Baba, lile dude linakataa kuwaka. Naomba unisaidie."

Baba alitoka na msuli wake, akaliwasha, akashuka. Kesho yake hodi tena. Ikawa ndiyo kazi. Anawasha, anashuka, mwenye leseni anapanda na kuondoka, na baba anabaki amesimama kwenye moshi. Kijiji kikampa jina la Kibiriti. Alicheka pamoja nao, lakini nyumbani hakucheka. Nilimwona akishika sahani ya ugali kwa mikono miwili, anaizungusha taratibu kushoto na kulia, mama akajifanya anatafuta chumvi. Niliwachukia watu wote wa kijiji kile siku hiyo, pamoja na majirani waliotugawia mbegu tulipohamia.

Tukasikia mtahini anarudi kuwajaribu tena waliofeli. Mama hakungoja.

"Safari hii mwambie seremala atangulie."

"Nimfuate mdogo wangu? Watu watasemaje?"

"Watasema umepata leseni. Hiyo heshima yao ya kukupandisha kwenye dude lililolala ina faida gani? Wakupe basi na maiti uiamshe."

Baba alikataa katakata. Mkubwa ni mkubwa.

Ila asubuhi ya mtihani, kama kawaida, tulipigiwa hodi. Kijana alikuwa na maji ya kwenda kuchota kwa tela. Baba akawasha, akashuka. Kwa hiyo mtahini alipofika, trekta lilikuwa limesharudi kutoka mtoni, limezimwa muda huo huo, bado la moto. Mwenyekiti akamwita mkubwa. Baba akapanda, akakunja mikono ya shati tayari kwa vita, akagusa stata.

Likawaka hapo hapo.

Sijawahi kuona mtu aliyeshtuka vile. Alijua yote ya trekta baridi, ya trekta la moto hakuyajua hata moja. Alitazama miguu yake, akatazama gia, akaichomeka popote, akaachia klachi. Trekta likaruka, likaondoka. Lilipita mkorosho wa kuzunguka bila kuuzunguka. Likaingia shamba la pamoja, likailaza mihogo ya kijiji tuta kwa tuta, watu wakilikimbilia nyuma, mwenyekiti akipiga kelele kwamba ile ni mali ya umma. Baba hakujua kukata kona, basi akaenda alikokuwa akielekea. Nilikimbia mpaka nikalifikia ubavuni, nikamwona uso. Alikuwa anacheka, meno yote nje, kofia imeanguka, mikono miwili kwenye usukani. Nami nikawa nacheka na kulia kwa pamoja, sijui kwa nini.

Lilizimika lenyewe kwenye tope la bonde la mpunga. Mtahini alifika anahema, viatu vimeharibika.

"Umefeli, mzee!"

"Sawa," baba akasema. "Lakini nimefeli nimekaa."

Akakataa kushuka. Walibishana naye, wakambembeleza, wakaenda kula, wakarudi. Kufikia alasiri injini ilikuwa baridi kama jiwe la kisimani, na mtahini alikuwa ameshaondoka. Kijana mwenye leseni alipanda pembeni, akajaribu stata kwa kupenyeza mkono, ikakohoa tu. Wote wakamgeukia baba.

Baba akasukuma dizeli kwa mkono, akapasha, akasubiri bila haraka, akapiga stata. Trekta likanguruma. Kijana akasimama akingoja apishwe kiti, kama kila asubuhi.

"Kaa hapo kwenye madigadi," baba akamwambia. "Mimi kona sizijui. Uwe unaniambia."

Tuliwafuata mpaka kijijini, watu wazima na watoto, tukila vumbi lake.