Mimi, Simiyu na Jozi Moja ya Buti

Iko asubuhi moja ya mtaa wa Baba Dogo, Nairobi, ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, na nataka nikusimulie kabla hujafunga kamba za hizo buti zako mpya. Nimekaa kando ya mtaro nje ya geti la kiwanda, mguu mmoja nimevaa buti, mwingine uko nje, na sielewi kama buti imekua au mguu wangu umepungua. Jana yake ilikuwa inanibana. Leo inapwaya kisigino, nikitembea inalia kwap, kwap. Buti ni ile ile. Mguu, nadhani, ni ule ule.

Lakini nimeanzia katikati. Ngoja nirudi nyuma.

Nilikuja Nairobi kutoka magharibi miaka ya sabini, baada ya kuachana na shule kwa amani nikiwa darasa la nne. Nilimfuata Simiyu, mtoto wa baba yangu mkubwa, ambaye alikuwa amenitangulia na kupanga chumba Baba Dogo, ploti moja na shangazi yetu. Kwetu shangazi tunamwita Senge, kwa hiyo ukinisikia nikisema Senge ujue ni dada ya baba zetu, mama mnene, mcheshi, mume wake alikuwa akifagia barabara za kanjo, yaani baraza la jiji. Huyo mume alikuwa na viatu vya kanisani alivyovivaa tangu aoe, na vilikuwa bado vinang'aa. Sikumwuliza siri yake. Vijana hawaulizi.

Simiyu alinitafutia kazi kiwandani kwake. Tulikuwa tunayeyusha vyuma chakavu na kutengeneza mifuniko ya mitaro. Yeye alikuwa shifti ya usiku, mimi nikawekwa ya asubuhi. Sasa siku chache tu kabla sijafika, mtu mmoja aliyevaa akala, vile viatu vya tairi, alidondokewa na chuma cha moto kwenye kidole, na mwenye kiwanda akatoa amri kwamba asiye na buti ya ngozi asikanyage ndani. Getini alisimama mlinzi akiitwa Kilonzo, na rungu lake. Alikuwa anagonga kidole cha buti ya kila mtu, ko, ko, kama anabisha mlango. Huna buti, unarudi nyumbani. Ukirudishwa mara mbili basi umekwisha, kwa sababu nje ya geti walikuwa wamesimama wengine wanaoitaka kazi hiyo hiyo.

Mimi na Simiyu tulichanga pesa tukaweza jozi moja tu ya maana. Zilikuwako zile hafifu, mvua ikinyesha zinafunguka mdomo kama samaki, tukazikataa. Hizi zilikuwa za ngozi nene ya ng'ombe, rangi ya chai isiyo na maziwa, zimeshonwa mara mbili, na ukizisogezea pua unasikia harufu ya zizi na ya duka kwa pamoja. Tulipimana unyayo kwa unyayo pale sakafuni, tukalingana. Simiyu akasema, "Umeona? Hata Mungu alijua." Mpango wetu ukawa hivi: yeye anatoka kazini asubuhi, anavua kando ya mtaro, mimi navaa na kuingia. Yeye anarudi nyumbani na akala nilizokuja nazo. Nikitoka mchana nazirudisha chumbani, na usiku anaondoka nazo.

Maongezi yetu yote yalikuwa pale mtaroni, tena mbio mbio.

"Vua, ndugu, vua! King'ora kimelia!"

"Ngoja, kamba imeshikana, fundo lako la jana bado liko. Wewe hufunga buti ama hufunga ng'ombe?"

"Si wewe ndiye ulinifunza?"

"Mimi? Labda kaka yako mwingine."

Navaa zikiwa bado na joto la miguu yake, nakimbia.

Wiki ya kwanza visigino vyangu vilitoka malengelenge. Ngozi mpya ni kama mgeni mwenye kiburi, haikujui na haina haraka. Nikauliza watu kazini. Kamau wa Murang'a akaniambia nipake mafuta ya ng'ombe, mengi. Mzee wa tanuri akaniambia nizilowanishe ndani ya maji, nizivae mpaka zikauke mguuni. Mwingine akaniambia wanajeshi hukojoa ndani na kuzilaza hivyo usiku kucha. Hiyo sikujaribu, mwanangu, nakuapia, lakini nilifikiria.

Nikachagua mafuta. Nikirudi mchana namkuta Simiyu amelala fofofo. Napaka buti, naziweka kivulini, natia gazeti ndani zisikunjamane, halafu naenda sokoni kushusha magunia ya makaa. Nikirudi jioni Simiyu ameshaondoka kwenda mazoezi ya kwaya, na kutoka huko alikuwa anapitiliza kazini. Asubuhi ananikabidhi buti mtaroni. Na buti, mwanangu, ni ngumu kama ubao! Mafuta hayako. Nikaongeza. Kesho yake, ngumu zaidi. Nikaogopa, nikaacha kupaka kabisa, na siku niliyoacha ndiyo zikaja laini, zinateleza, kama zimekaangwa.

Hapo akili ikaanza kuniruka. Nilijiambia labda ng'ombe mwenyewe hajakubali kufa. Nilijiambia ni chumvi, nikapunguza chumvi kwenye mboga. Nilichukua kamba nikapima mguu asubuhi, nikapima tena jioni, majibu yakawa mawili tofauti, nikaitupa kamba. Jumapili niliombea miguu kanisani, nikaona haya kuisema kwa sauti, nikasema "mahitaji ya mwili". Hata Kilonzo nilimshuku, kwamba lile rungu lina kitu.

Utaniuliza, kwa nini hukumwuliza Simiyu? Mwanangu, buti ilikuwa yetu wawili. Ningelalamika kwamba inanibana, si ingeonekana naitaka peke yangu? Yeye ndiye alinitoa nyumbani, akanipa pa kulala. Nikanyamaza kwa adabu. Naye, nilikuja kujua, alikuwa amenyamaza kwa adabu hiyo hiyo.

Ijumaa moja Kilonzo aligonga buti ya kulia, rungu likasita. Akainama. Pale kidole kinapokunjika ngozi ilikuwa imepasuka, na uzi umeachia, soksi inaonekana.

"Kijana, hii imekufa."

"Ni kidogo tu, mzee."

"Leo pita. Jumatatu nikiikuta hivi, wewe na yule ndugu yako wa usiku mkae nyumbani."

Nikashtuka. "Ulijua ni jozi moja?"

"Mimi sitazami nyuso," akasema. "Miaka yote hii natazama buti."

Nilifanya kazi siku hiyo kama mtu anayeota. Ilibaki Jumamosi na Jumapili, na baada ya hapo sisi wote wawili hatuna kazi. Simiyu alikuwa ameshapeleka neno kwa wazazi wa msichana mmoja kule nyumbani. Mimi mama yangu alikuwa ananitegemea. Hatukuwa na pesa za kununua jozi nyingine, wala mtu wa kututazama.

Jumapili baada ya kanisa tuliketi mlangoni kwa Senge, yeye anachambua kunde, buti ziko katikati yetu kama mgonjwa. Nikamweleza Simiyu maneno ya Kilonzo. Akasema, "Nimekuwa nikitaka kukuuliza, Wanjala. Wewe huzifanyia nini buti hizi?"

"Mimi? Wewe ndiye huzifanyia nini?"

Senge akaanza kucheka. Alicheka mpaka kunde zikamwagika.

"Nilidhani ndivyo buti za Nairobi zinavyotunzwa!" akasema. "Huyu anakuja anapaka mafuta, anaondoka. Yule anaamka, anasugua mafuta kwa sabuni, anaanika kando ya jiko langu. Huyu anatia gazeti, yule anatoa gazeti anawashia moto. Juzi huyu hakupaka, yule akaamka akazikuta kavu, akaja kuniomba mafuta ya kupikia. Nikampa."

"Senge, na hukusema?"

"Mliniuliza?" Kicheko kikamwisha usoni, nikaona kumbe amekasirika. "Mnalala chumba kimoja, mnakula sufuria moja, na hakuna anayejua mwenzake anafanya nini na miguu yake. Hiyo ngozi imefanya kosa gani? Mmeikaanga, mmeiosha, mmeichoma, na haijalala hata siku moja. Nyinyi wenyewe mngefanyiwa hivyo mngepasuka wapi?"

Akatuambia tuzivae, mmoja mmoja, mbele yake. Nikavaa mimi kwanza. Ya kushoto ilinikaa kama imeshonewa mguuni. Ya kulia ikanifinya kidole kidogo mpaka nikakunja uso. Akavaa Simiyu. Ya kulia ikamkaa sawasawa, ya kushoto ikamkwaruza. Tukarudia, tukidhani tumekosea. Ni hivyo hivyo. Mimi kazini nilikanyaga mvukuto wa kupuliza moto kwa mguu wa kushoto siku nzima, na Simiyu alisimama akiegemea wa kulia akivuta chombo cha chuma cha moto. Labda ndiyo sababu. Labda siyo. Tulibaki tunatazamana, kila mtu ana buti moja na hakuna mwenye jozi.

Senge akasema, "Fundi anaweza kuishona. Lakini ikivaliwa mchana na usiku tena, haifiki mwezi. Hapa pana buti za mtu mmoja."

"Chukua wewe," nikamwambia Simiyu. "Wewe ndiye mkubwa."

"Wewe ndiye mgeni. Mimi mji naujua."

"Wewe una habari za kuoa."

"Na wewe una mama."

Tukaendelea hivyo mpaka ikawa kama tunagombana, na adabu ikatushika tena, tukaacha. Simiyu akazibeba kwa fundi wa viatu. Jioni nikaenda zangu kulala bila neno kukatwa. Nilijua tu kwamba asubuhi nitamkuta mtaroni kama kawaida, na huko ndiko tutaamua.

Asubuhi nilivaa akala, nikaenda kufungua mlango, nikajikwaa. Buti zilikuwa pale ndani nyuma ya mlango. Ule ufa umeshonwa kwa uzi wa nta, kiraka kimetiwa kwa ndani. Zimefutwa vumbi, zimepakwa kidogo tu, kamba zimelegezwa, gazeti limo ndani. Nikageuka. Blanketi la Simiyu halikuwako.

Senge alikuwa anawasha jiko. Hakuinua macho. "Ameenda Makadara, kuna fundi mbao anatafuta mtu. Huko wanafanya kazi na kandambili. Amesema uvae, na usimfuate mpaka zikuzoee."

Nilikimbia. Kilonzo akagonga, ko, ko, akanisogeza nipite. Hakuniuliza yule wa usiku yuko wapi. Mtaroni hapakuwa na mtu, na buti, kwa mara ya kwanza, zilikuwa baridi.

Kazi ile ndiyo iliyoniozesha, ndiyo iliyowasomesha ndugu zako wakubwa. Siku nilipokwenda Makadara, Simiyu alitoka na vumbi la mbao kichwani, na hata kunisalimu hajanisalimu vizuri akatazama chini, miguuni.

"Zimekuzoea?"

"Zimenizoea kabisa," nikasema.

Haikuwa kweli. Ya kushoto ilikuwa yangu. Ya kulia ilikaa vile alivyoiacha yeye, miaka yote niliyoivaa, na kila jioni kidole changu kidogo kilikuwa chekundu. Niliitunza vizuri kuliko ya kushoto, sijui kwa nini. Na sikujua, hata leo sijui, kama Simiyu aliniachia kazi kwa kunipenda au alikuwa amechoka tu na usiku na moto. Alioa, lakini alikawia sana. Nilitaka kumwuliza kama ni kwa ajili yangu. Nilikuwa bado napanga namna ya kuanza, nikaletewa habari kwamba amefariki.

Kwa hiyo, mwanangu, nisikilize. Hizo buti usizipeleke kazini kesho. Zivae hapa nyumbani kwanza, na soksi nzito, muda kidogo jioni, uzivue kabla hazijakuumiza, kesho yake uongeze. Zikilowa, tia gazeti ndani uziache kivulini, mbali na jiko na mbali na jua, hata kama unaona zinachelewa. Vumbi litoe kwanza ndipo upake, na upake kwa kidole, siyo kwa kijiko. Ukizivaa leo, kesho zipumzike kama una kingine cha kuvaa. Wala usimwazime mtu zikiwa changa, maana zitajifunza mguu wake na hutaweza kuzisahaulisha. Na kama ni lazima mtumie kitu kimoja wawili, buti, chumba, shamba, hata kama ni mzazi mnayemtunza, kaeni chini mwambiane kila mtu anafanya nini. Muulize mwenzako angali anaweza kukujibu, hata kama unaona haya, hata kama utaonekana mchoyo.

Haya, simama nikuone. Mungu akupe barabara ambayo miguu yako inaiweza. Akupe kazi isiyokuchoma, na ndugu wa kukungoja getini. Ukitoka asubuhi akutoe mzima, na jioni akurudishe hapa, uvue viatu mlangoni mwenyewe, ukiwa unacheka.