Viazi vya Chini ya Kitanda

Huku kwetu Kasulu, kabla mvua hazijashika, moshi wa watu wanaosafisha mashamba hulala mabondeni mpaka saa nne asubuhi. Ukitoka nje unaiona migomba ya jirani nusunusu, na sauti za watu zinakufikia kabla ya watu wenyewe. Nasema "kwetu" sasa. Mwaka ule nilikuwa bado nasema "kwenu."

Nilikuwa mwalimu niliyetokea Tanga, nimeolewa hapa kijijini Titye, kwa watu waliovuka kutoka Burundi zamani na leo ni Watanzania kama mimi. Mume wangu alifanya kazi Kibondo na alikuja mara moja kwa mwezi. Nyumbani tulibaki wawili, mimi na mama yake. Na mama yake hakula chakula changu.

Simsingizii. Miezi saba! Nikipika wali wa nazi anaonja punje mbili, anasema, "Nimeshiba, mama," kwa upole kabisa, halafu namwona jikoni anasonga ugali wake wa muhogo. Angenitukana ningejua pa kuanzia. Mimi si mtu wa kukaa na jambo moyoni, na ule upole ulinishinda. Nikamwambia mume wangu kwenye simu kwamba Krismasi ikifika mama hajala sahani yangu hata moja, nahamia nyumba za walimu. Alijua sitanii.

Jumapili moja mama mkwe alikwenda kanisani, mimi nikabaki nasahihisha madaftari. Nikakumbuka mihogo tuliyokuwa tukichoma nyumbani juu ya wavu, na chumvi na pilipili. Nikawaza, huyu mama ni mtu wa viazi, basi nitamchomea viazi. Nikaingia stoo. Chini ya kitanda kibovu, juu ya nyasi kavu, vilikuwa vimelazwa viazi mviringo vidogovidogo, vimeshaanza kuchipua. Maskini, nikasema, amevisahau, vinaharibika. Nikavitoa vyote. Nikakaa mlangoni nikivibandua vichipukizi kwa ukucha, kimoja kimoja, huku nikijisifu kwamba leo nimeokoa chakula.

Nilivichemsha kidogo na maganda yake, nikavipaka mawese na chumvi, nikavipanga kwenye wavu juu ya jiko la mkaa uani. Sijui nilikaa pale muda gani. Maganda yalitutumka, yakapasuka taratibu, mawese yakadondokea mkaa na kutoa moshi mwekundumwekundu, au labda ni jua lililoupaka rangi. Kwaya ya kanisani ilisikika kwa mbali, inakuja, inapotea. Nikageuza kiazi, nikasahau nimegeuza kipi, nikageuza tena. Homa ya ugeni iliyonisumbua miezi yote ile ilinitoka kabisa. Nilikuwa na furaha, nasema kweli, furaha ya kijinga.

Mama mkwe aliingia uani na kitenge chake cha Jumapili. Akatazama jiko. Kisha akatazama ungo wenye vichipukizi.

"Vya chini ya kitanda?"

"Ndiyo, mama. Vilikuwa vinaharibika."

"Vyote?"

"Vyote."

Akavuta kigoda akaketi. "Ni mbegu," alisema. "Za shamba la bondeni. Nilikuwa nangoja mvua."

Darasani nilifundisha kilimo, jamani, na mbegu za mkwe wangu nimezipaka mawese! Nikaanza kuomba radhi, nikalia mbele yake kama mtoto. Nilijua nimekwisha. Moyoni nilikuwa nimeshaanza kufunga mizigo.

Yeye akachukua kiazi kimoja kutoka kwenye wavu, akakipuliza, akakila na ganda lake.

"Kaa chini," alisema. Nikakaa.

Akaniambia kwamba mwaka walioingia nchi hii, yeye na mumewe na mtoto mchanga, mama mmoja Muha, mwenyeji wa hapa na jirani yao, alimpa nusu debe ya mbegu za viazi na kipande cha kulima. Jioni ileile mama mkwe alizipika. Walikula siku tatu. Halafu, kwa aibu, akainua matuta matupu, akayasawazisha vizuri, na kila mama yule alipopita njiani alimkuta ameinama anapalilia.

"Nilipalilia udongo mtupu wiki nne," alisema. "Wewe hukujua. Mimi nilijua."

Nikamuuliza kama yule mama aligundua.

"Siku moja asubuhi nilikuta nusu debe nyingine mlangoni. Hakusema kitu mpaka anakufa."

Mkaa ulikuwa umeanza kufifia. Nilitaka kumshika mkono, sikuthubutu. Alikula cha pili, cha tatu, bila haraka, akitema majivu pembeni. Kwaya ilikuwa imenyamaza na moshi wa bondeni ulikuwa umeshaondoka. Mashamba yalionekana wazi mpaka ng'ambo.

"Mumeo hajui habari hii," alisema. "Hata marehemu baba yake nilimwambia tulivyokula tumepewa vya kula, na mbegu zilioza ardhini."

Kisha akachukua sahani, akaisogeza karibu na jiko, nimwongezee.