Udi wa Golikipa

Mardhiya alijua mumewe anamdanganya kabla hata zipu ya begi haijafika mwisho. Ilikuwa Jumamosi jioni, mwisho wa Septemba mwaka 2003, katika fleti yao ya kaunsil, nyumba za serikali ya mtaa, kule Hayes, London. Shaame amerudi mpirani, amelibwaga begi mlangoni kama ada yake, ameingia kuoga. Mardhiya akainama, akavuta zipu, akatia pua. Begi likanukia udi.

Asiyejua atauliza, udi una ubaya gani? Hauna. Lakini udi ule kautia yeye mwenyewe, Ijumaa, kwa mkono wake. Ulitakiwa urudi umekufa.

Maana Shaame ni golikipa wa hoki, mpira wa magongo, na golikipa wa hoki si kama hawa wa mpira wa miguu wanaovaa glavu wakasimama. Huyu anafungwa magodoro miguuni, anavalishwa godoro jingine kifuani, anatiwa helmeti kichwani, anabaki kama mtu aliyeviringishwa mkeka. Jasho lote linakaa mle mle. Na vitu vile havitiwi mashineni. Vikirudi nyumbani vinanuka kama beberu aliyenyeshewa mvua, na mke asiyejua kazi yake angevitupa kwenye roshani vikae na baridi.

Mardhiya hakulelewa hivyo. Kwao Unguja nguo ya mume hufukizwa, na kama mume nguo yake ni godoro, basi godoro litafukizwa. Kila Ijumaa baada ya sala alitia mkaa chetezoni, akatandaza vile vitu juu ya tenga, akafukiza mpaka moshi ukatoka na upande wa pili. King'ora cha moto kwenye dari kilikuwa kinapiga kelele, yeye akakivalisha mfuko wa plastiki. Margaret wa fleti ya chini aliwaita wazima moto, wakaja na kofia zao, wakakuta magodoro mawili ya miguu yanafukizwa kama bibi harusi. Walisema maneno mengi ya Kiingereza. Mardhiya aliwajibu kwa Kiswahili na hakuacha.

Hata uwanjani walimzoea Shaame na udi wake. Washambuliaji wa timu nyingine wakisogea golini walijiona wameingia harusini, wakageuza shingo, na mpira ukapotea. Timu yenyewe ni Nyanza, klabu ya Makalasinga wa Southall waliozaliwa Kenya, na mwenyekiti wao, Parminder, mtu wa Kisumu, alikuwa akisema, "Sisi iko golikipa moja tu Ulaya nzima ananuka kama msikiti. Wacha wao ogopa."

Shaame alifika London mwaka 1991. Magongo alifundishwa utotoni Unguja na karani mmoja wa Kigoa, akadaka mpaka akajulikana. Alipotua Hayes na mkewe hakuwa na kazi wala mtu wa kumjua. Siku moja basi likampitisha uwanjani Southall, akaona magongo, akashuka kituo ambacho si chake. Parminder alimpa vifaa vya kuazima, akasema hebu simama pale. Wakampigia mpaka wakachoka wao. Wiki ile ile wakamtafutia kazi kwenye ghala moja karibu na uwanja wa ndege, na klabu ikawa inamlipa kila mechi. Wengine wote walicheza kwa mapenzi. Shaame peke yake ndiye aliyelipwa.

Kilichomfanya awe hodari ni shaka tu. Hakuamini gongo la mtu. Ukiinua gongo ukaelekeza huku, yeye anatazama bega lako. Ukimchekea, anaangalia miguu yako. Na nyumbani hivyo hivyo: mlango anafunga mara mbili, kisha anarudi kuusukuma aone kama umejifunga kweli. Mardhiya alikuwa akimcheka kwa hilo. Miaka kumi na mbili ya kulala na mtu wa namna hiyo, hakujua kama na yeye ameambukizwa.

Jioni ile alimtilia chai, akakaa mbele yake.

"Mlicheza?"

"Tulicheza."

"Mkashinda?"

"Mbili kwa moja."

"Na hilo moja wewe lilikupita wapi?"

Shaame akakoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha kuyeyuka zamani. "Upande wa kushoto," akasema, na hakumtazama.

Ijumaa iliyofuata Mardhiya alifukiza kama kawaida, kisha akachukua punje moja ya karafuu, akaisukuma ndani ya glavu ya kulia, kwenye kidole gumba. Karafuu ina meno. Mtu akitia kidole pale lazima aisikie, lazima aitoe. Jumamosi jioni akatia mkono wake. Karafuu imo, imekaa kama alivyoiweka.

Basi mtu anatoka na begi, anarudi na begi, na mpira hachezi. Anakwenda wapi?

Alimpelekea maneno shoga yake Nusra, wa mtaa wa pili, mwanamke aliyekwisha kuchomwa.

"Shoga, huyo ana mtu," Nusra akasema, hata hajamaliza kusikiliza. "Wangu mimi si alikuwa na mkutano wa msikiti Leicester? Kila wiki mkutano, mkutano. Basi mkutano umezaa, sasa unatambaa!"

"Shaame si mtu wa hivyo."

"Hakuna aliye mtu wa hivyo mpaka siku ile. Goti lake si bovu? Mwanamume akianza kuumwa magoti ndipo anapotaka kujiona kijana."

Mardhiya alirudi nyumbani, akateremsha sanduku juu ya kabati. Akatia kanga zake, dhahabu zake, picha ya mamake, na paspoti. Akaliweka nyuma ya mlango wa chumba na kulifunika joho. Akaapa: nikimkuta na mwanamke, silii, siulizi, naondoka nakwenda kwa kaka yangu Muhsin, Unguja, na huyu abaki anafukizwa na huyo wake. Kugawana mume hakukuwako kwao. Mamake hakugawana, bibi yake hakugawana.

Jumamosi Shaame akatoka na begi begani. Mardhiya akahesabu mpaka akachoka kuhesabu, akajifunga buibui, akatoka nyuma yake. Walipanda basi moja la ghorofa, la 207, Shaame juu, yeye chini nyuma ya mama mmoja wa Kipunjabi mwenye mikoba mikubwa. Southall, Shaame akashuka. Mardhiya akashuka.

Hakwenda uwanjani moja kwa moja. Aliingia duka la halua na jalebi, akatoka na boksi kubwa limefungwa utepe.

Mardhiya akaukazia macho ule utepe. Tangu wamefika nchi hii Shaame hajamletea yeye boksi lenye utepe. Alimfuata hatua kwa hatua, akijibanza kwenye magunia ya mchele ya maduka, mpaka ukaonekana uzio wa uwanja na kibanda cha klabu. Mlango wa kibanda ukafunguliwa, akatoka mwanamke amevaa sari, nywele kasuka, anacheka. Akalipokea boksi kwa mikono miwili. Shaame naye akacheka. Kisha akaingia ndani, na alipotoka amevaa koti la buluu lenye vifungo vya kung'aa, na tai shingoni.

Tai! Siku ya nikahi yake Shaame alikataa kilemba, akasema kinambana.

Mardhiya alivuka nyasi zile kama gari lililokatika breki. Wa kwanza kumwona alikuwa Parminder.

"Shemeji! Wewe kuja? Leo siku ya bahati! Kuja ona meneja yetu."

"Meneja gani?"

"Bwana yako! Tangu msimu naanza, Shaame ndiyo meneja ya timu. Yeye napanga wachezaji, yeye napokea wageni, yeye naleta tamutamu ya chai. Huyu Kokila, bibi ya Pradip. Pradip ndiyo golikipa sasa." Parminder akamtazama usoni, kicheko kikamwisha. "Yeye hapana sema?"

Mardhiya akampita. Shaame alikuwa amesimama kando ya mstari, na begi lake liko miguuni pake, zipu wazi. Amemwona. Hakusogea.

"Tangu mwanzo wa msimu," Mardhiya akasema alipomfikia. "Na mimi nakufukizia."

"Goti limekwisha, Mardhiya. Daktari kasema. Wakanipa umeneja ili wasinione nalia."

"Ungeniambia."

"Ningekwambiaje, na wewe Hayes nzima umewatangazia kwamba bila ya Shaame, Nyanza hawana timu? Sikuweza kukuona unashusha shingo."

Hapo palimchoma, kwa sababu ni kweli alitangaza, na angetangaza tena. "Shingo yangu niachie mwenyewe," akasema. "Na begi unalibebea nini?"

Mechi ilikwisha kuanza wakibishana. Refa akapuliza. Kona fupi: wapinzani wamejipanga mbele ya goli, mmoja anasukuma mpira, mwingine anausubiri aufyatue kwa nguvu zake zote. Pradip akainama golini, mtu mzima mwenye tumbo. Mpira ukaja. Na Shaame, pale nje ya mstari, na koti lake na tai yake, mwili wake wote ukaruka kushoto, goti likamkatika, akashika uzio asianguke.

Pradip akauokoa kwa mguu. Watu wakapiga makofi. Shaame hakupiga.

Mardhiya aliangalia goli, akaangalia begi lililo wazi, akaelewa.

"Unangoja aumie."

"Simwombei mabaya."

"Lakini unangoja."

Shaame akailegeza tai. Halafu akasema polepole, "Kila Jumamosi."

"Mimi nina sanduku nyuma ya mlango," Mardhiya akamwambia. "Limejaa. Nilidhani una mwanamke."

Shaame akageuka mzima mzima. Mtu asiyeshtukia mpira wa mwendo wa risasi, mdomo ulibaki wazi. "Sanduku la kwenda wapi?"

"Kwa Muhsin. Uongo ni uongo, Shaame, hata usipokuwa na sari. Sasa nieleze nilirudishe au nilibebe."

Shaame akainama kwa shida, akafunga zipu ya begi mpaka mwisho, akalinyanyua, akampa. Ikawa mapumziko. Pradip akaja anatweta, akavua helmeti, akasimama mbele ya meneja wake kusubiri. Shaame alimtazama kitambo, kama anayemtafutia kosa.

"Unatazama gongo," akamwambia. "Gongo linadanganya. Tazama bega."

Kitu hicho hakuwahi kumwambia mtu.

Nyumbani Mardhiya alitoa kanga zake, dhahabu, picha ya mamake. Paspoti aliihamishia mkobani. Hakuona haraka ya kuirudisha mahali pake. Ndani ya sanduku akapanga magodoro, glavu na helmeti, akafunga kwa ufunguo, akalisukuma uvunguni, na ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga. Ijumaa akafukiza koti la buluu, na tai.

Jumamosi jioni Shaame akarudi, mikono mitupu. Kabla hajavua viatu Mardhiya amekwisha kumshika kola, pua ndani ya koti. Udi. Mvua. Jalebi. Na kitu kingine.

"Vitunguu vya kukaanga," akasema. "Vya nani?"

"Vya Kokila. Anakaanga bajia za chai ya wageni, Mardhiya, watu ishirini."

"Mm," Mardhiya akasema, akanusa tena.